Maswali ya Wasomaji: Simfoni ya Kuagana ya Haydn, kutoka ufunguo wake mgumu hadi taa ya mwisho

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa mistari miwili tu Simfoni Namba 45 ya Joseph Haydn, ile ambayo mwishoni wapigaji wanainuka mmoja baada ya mwingine na kuondoka, hadi jukwaani zinabaki fidla mbili. Barua zilizofuata zilitoka kwa walimu wa kwaya, wapigaji wa taarabu, bendi za tarumbeta na wasikilizaji wa kawaida. Tumechagua sita. Mahali ambapo maswali mawili yalifanana tumeyaunganisha.

*Nimesikia kwamba Haydn aliitunga simfoni hii kama mgomo dhidi ya bosi wake. Mwingine akaniambia ni wimbo wa msiba. Ukweli ni upi? — Msomaji, Tanga*

Msiba haumo, na mgomo ni neno zito mno. Ilikuwa ombi, tena ombi la kistaarabu.

Mwaka 1772 Haydn alikuwa mkuu wa wanamuziki wa Mwanamfalme Nikolaus Esterházy. Kila mwaka mwanamfalme alihamia kwenye kasri lake la Eszterháza, ambalo leo liko Hungaria, na kundi lote la wanamuziki lilimfuata. Familia zao zilibaki Eisenstadt, safari ya siku nzima kwa gari la farasi. Mwaka huohuo lilitolewa agizo kwamba wanamuziki wasilete wake wala watoto Eszterháza. Walioruhusiwa walikuwa wachache sana: Haydn mwenyewe, kiongozi wa fidla Luigi Tomasini, na waimbaji wawili. Msimu ukarefuka kupita kawaida, wanaume wakamwendea Haydn kulalamika.

Haydn hakuandika barua. Alitunga simfoni ambayo sehemu yake ya mwisho inawafanya wapigaji wamalize zamu zao, wazime mishumaa iliyo kwenye vishikio vya nota, na kutoka. Walipobaki wawili, walikuwa Tomasini na Haydn. Mwanamfalme alielewa, na amri ya kurudi Eisenstadt ikatoka. Haydn alikisimulia kisa hiki uzeeni, na waandishi wa maisha yake wakakiandika mara baada ya kifo chake cha mwaka 1809.

Tazama tena majina ya wawili waliobaki jukwaani. Ni walewale walioruhusiwa kuwa na wake zao. Hawakuwa na haraka ya kwenda popote, na ndiyo sababu ombi lao lilikuwa na heshima: walikuwa wanawasemea wenzao.

*Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nasoma d r m vizuri, mistari mitano kwa shida. Nimeisikiliza simfoni hii mara tatu na naona mwisho tu ndio unaeleweka. Kule mwanzo ni fujo. Naomba mnipitishe humo kwa lugha ya kwaya. — Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, ombi lako limetufurahisha, kwa sababu d r m inaionyesha simfoni hii wazi kuliko maelezo mengi ya kitaalamu.

Anza na ufunguo. Simfoni iko katika F shapu maina. Kwa lugha ya kwaya, do ni A, lakini nyumbani si kwenye do. Nyumbani ni kwenye la, yaani F shapu. Wakati ule karibu hakuna aliyetunga simfoni katika ufunguo huo. Hii ndiyo simfoni pekee inayojulikana ya karne ya 18 iliyoko humo.

Sehemu ya kwanza ni ya kasi, mapigo matatu kwa kila kipimo. Fidla za kwanza zinateremka kwa nguvu juu ya noti za kodi (noti zinazolia pamoja), la, mi, do, kama mtu anayeshuka ngazi kwa hasira. Chini yake fidla za pili hazipigi pamoja na pigo. Zinaangukia katikati ya pigo na kung'ang'ania hapo. Hiyo ndiyo fujo unayoisikia, na imepangwa hivyo. Fanya jaribio na kwaya yako: soprano waimbe l – m – d – l polepole, alto waimbe noti moja tu lakini waingie nusu pigo baadaye kila mara. Baada ya vipimo vinne tu kila mtu atahisi ardhi inayumba.

Katikati ya sehemu hiyo kuna jambo la ajabu. Mvutano unakatika, halafu unatokea wimbo mpya kabisa, mpole, wa sauti ya chini, katika D meja. Haujawahi kusikika kabla, na hautarudi tena. Kwa kawaida ya simfoni za wakati ule, wimbo wa pili ungetambulishwa mapema kisha urudiwe mwishoni ukiwa umekaa vizuri nyumbani. Haydn anauonyesha mara moja na kuufungia mlango. Msikilizaji anaachwa na kiu, na kiu hiyo inabaki naye hadi dakika za mwisho za simfoni. Ukiupoteza wimbo huu, basi nakubaliana nawe kwamba mwanzo hauna maana. Ukiushika, mwisho unakuwa jibu lake.

Sehemu ya pili ni ya polepole, A meja, fidla zikiwa zimebanwa sauti. Sasa do ni nyumbani kweli, lakini wimbo unasitasita na kupumua kwa vifungu vifupi. Marudio yote yakipigwa, inaweza kuwa ndefu kuliko sehemu nyingine zote. Usiwachezeshe wanafunzi sehemu hii kwa mara ya kwanza, watachoka.

Ya tatu ni minuweti, yaani dansi ya mapigo matatu, na hapo Haydn anafanya uamuzi mzito: do sasa ni F shapu. Kile kilichokuwa la kimepandishwa cheo. Fidla zinaanza peke yake kwa upole, na kwenye kipimo cha tatu tu inaingia kwa nguvu D isiyo na shapu. Katika do hiyo mpya, D ni la iliyoshushwa nusu hatua, mgeni asiyealikwa. Kwa hiyo hata furaha ya F shapu meja imetiwa doa mapema. Bado hatujafika nyumbani.

Sehemu ya mwisho inaanza kwa kasi kubwa, tena katika maina. Inakimbia kama simfoni yoyote inayotaka kumaliza kwa kishindo, kisha inasimama ghafla kwenye kodi ya mi, yaani mi, se (so iliyopandishwa nusu hatua), ti. Mwimbaji yeyote wa kwaya anajua sauti ya se inadai nini: inadai la. Haydn haitoi. Badala yake inaanza Adajio ya taratibu, ya mapigo matatu mepesi, katika A meja, kana kwamba mtu ameulizwa swali kali akajibu kwa kutabasamu. Ni hapa watu wanapoanza kuondoka. Zamu ya besi kubwa ndiyo inayobeba muziki kutoka A meja na kuurudisha kwenye ile kodi ya mi, yaani C shapu, na safari hii ahadi inatimizwa: wimbo wa Adajio unaanza upya katika F shapu meja. La imekuwa do, bila yule mgeni wa minuweti. Mwalimu, ukiwafundisha wanakwaya wako jambo moja tu kuhusu simfoni hii, liwe hilo. Watu wengi wanatazama viti vinavyobaki vitupu na kukosa kusikia kwamba muziki wenyewe umefika nyumbani wakati uleule wapigaji wanapokwenda makwao.

*Napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu. Nimepata nota za fidla ya pili na nimejaribu kurasa mbili. Vidole vinakwenda, lakini sauti inatoka imefifia, na kila nikikutana na mwenzangu hatupatani. Fidla yangu ina kasoro? — Mpigaji, Unguja*

Fidla yako haina kasoro. Tatizo ni ufunguo, na Haydn aliutaka.

Nyuzi zako nne ni G, D, A, E. Uzi mtupu, usiokanyagwa, hulia kwa uwazi. Tena, hata usipoupiga, hutetemeka wenyewe pale unapopiga noti inayofanana nao kwenye uzi mwingine, na fidla nzima ikang'aa. Sasa hesabu. Katika A meja unazo tatu: A, D na E. Katika F shapu maina hizo tatu bado zipo, ila E inapandishwa kuwa E shapu kila se inapohitajika. Ukifika F shapu meja, noti za ngazi ni F shapu, G shapu, A shapu, B, C shapu, D shapu na E shapu. Huna uzi mtupu hata mmoja. Kila noti inategemea kidole chako, na hakuna uzi wa pembeni wa kukusaidia kung'aa. Ndiyo maana minuweti na kurasa za mwisho zina sauti ya chumba kilichofungwa mapazia.

Kwa kutopatana kwenu, sababu ya kawaida ni E shapu. Mkono uliozoea E na F unaiweka chini mno, katikati ya hizo mbili. Kwenye fidla ya kisasa E shapu ikae pale unapoweka F, au juu yake kidogo inapokuwa inavuta kwenda F shapu. Noti ya pili ya kuangalia ni A shapu. Zoezi letu: mmoja ashike F shapu ndefu kwenye uzi wa D, mwingine atafute A shapu juu yake polepole, bila kutetemesha kidole, hadi mlio wa mawimbi kati ya sauti mbili utulie. Kisha badilishaneni. Dakika tano kila siku kwa wiki moja zinatosha kuleta tofauti inayosikika.

Onyo dogo kwa mtu wa taarabu: mkono wako umezoea kuteleza na kupamba kati ya noti. Ni ustadi, na hatukuambii uuache. Lakini hapa, mkiwa wengi kwenye mstari mmoja, pambo la mmoja linasikika kama kosa la wote. Lihifadhi kwa ajili ya taksimu, pale unapopiga peke yako. Ila kuna urithi mmoja wa taarabu utakaokufaa sana katika kazi hii, nao ni kuelewa fumbo. Wewe huhitaji kuelezwa namna ujumbe unavyofikishwa ukumbini kwa mlengwa aliyekaa mbele, bila jina lake kutajwa.

*Kwenye nota ya horni imeandikwa "Fis". Tumeipiga kama F na kila kitu kimegongana na fidla. Je, nota imekosewa? — Bendi ya tarumbeta, Nairobi*

Haijakosewa. "Fis" ni Kijerumani cha F shapu. Horni ya Fis ikisomwa na mpigaji mwenye horni ya F ya kisasa, kila noti ipande nusu hatua. Mahali palipoandikwa horni ya E, ishuke nusu hatua. Palipoandikwa horni ya A, ipande hatua mbili nzima. Andikeni kwa penseli juu ya kila sehemu kabla ya mazoezi, maana mabadiliko yanakuja na mkiwa mnahesabu vipimo hamtakumbuka.

Inafaa mjue kwa nini neno hilo ni la pekee. Horni za wakati wa Haydn hazikuwa na vali. Mpigaji alipata tu noti ambazo urefu wa bomba lake unatoa zenyewe, na kubadili ufunguo alichomoa kipande cha bomba kilichopindwa na kuchomeka kingine, kirefu au kifupi zaidi. Vipande vya G, F, E au D vilikuwa vya kawaida. Cha F shapu hakikuwepo, kwa kuwa hakuna aliyekihitaji. Oktoba 1772 viliagizwa Vienna vipande vya pekee vya kushusha nusu hatua: kimoja kikiongezwa kwenye bomba la G, horni inakuwa ya F shapu. Mtu haagizi vifaa vipya kwa ajili ya mzaha wa jioni moja. Vipande hivyo pia vilifaa katika Simfoni Namba 46 ya mwaka huohuo, iliyo katika B meja, ufunguo mwingine wa shida.

*Nasikiliza kwa simu nikiwa kazini. Dakika za mwisho sisikii kitu, nadhani rekodi imekatika. — Msomaji, Muscat*

Haijakatika. Simfoni nzima ni kama dakika 25, na Adajio ya mwisho ni dakika nne au tano kulingana na kasi ya kiongozi. Fidla mbili zilizobanwa sauti zinazotoka kwenye spika ya simu, karibu na feni au kiyoyozi, hazina nafasi. Tumia vipokea sauti vya masikioni, na weka sauti kwa kiwango kinachofaa mwanzo wa simfoni, usiibadilishe. Ukiongeza sauti kadiri wapigaji wanavyopungua umejinyang'anya jambo lenyewe. Pia zima ile huduma ya simu inayosawazisha sauti kati ya wimbo na wimbo, na ile inayounganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu itaingiza wimbo unaofuata juu ya fidla mbili za mwisho.

*Chuo chetu kinataka kupiga sehemu ya mwisho siku ya kumuaga mkuu anayestaafu. Tuko 14: fidla sita, viola moja, selo mbili, besi moja, klarineti mbili, horni mbili. Hatuna obo wala fagoti. Nani aondoke lini, na mishumaa tuifanyeje? Jaribio letu la kwanza watazamaji walicheka hadi mwisho. — Mwalimu wa muziki, Mombasa*

Hongereni, kundi lenu linatosha. Kundi dogo kabisa linalowezekana ni la watu 12, kwa sababu katika Adajio Haydn amegawa fidla katika mistari minne.

Tuanze na mpangilio wa kuondoka. Wa kwanza ni obo ya kwanza na horni ya pili, kila mmoja baada ya kipande chake cha kuonyesha. Anafuata fagoti, chombo cha kupuliza chenye sauti nzito, ambaye hapewi kipande cha peke yake, anaondoka kimya. Kisha obo ya pili na horni ya kwanza. Kisha besi kubwa, mwenye zamu ndefu na ngumu. Kisha selo, bila kipande. Kisha fidla za kundi. Kisha viola. Wanabaki wawili wa kiti cha kwanza, ambao walikuwa kimya wakati fidla za kundi zikiaga.

Kwa nafasi ya obo, klarineti zinafaa, lakini uliza kwanza ni za aina gani. Klarineti ya A ndiyo bora: F shapu maina inakuwa A maina kwa mpigaji, na F shapu meja inakuwa A meja. Klarineti ya B flati inaweza, ila maina inaandikwa G shapu yenye shapu tano, na meja iandikwe A flati yenye flati nne ili isomeke. Wapigaji wapunguze nguvu, kwani obo, ndugu wa zumari letu kwa matete yake mawili, ina sauti nyembamba yenye ncha, na klarineti ikipuliziwa kwa moyo wote itafunika fidla. Mstari wa fagoti mpeni selo wa pili, naye aondoke pale fagoti inapoondoka. Fidla zigawanywe hivi: mbili za kubaki, nne za kundi, wawili kwa kila mstari.

Wengine watawashauri mpandishe kila kitu nusu hatua ili mwishe katika G meja, maana ni rahisi kwa wanafunzi. Msikubali haraka. G meja itazifungulia nyuzi G, D, A na E zote nne, na mwisho utang'aa kama asubuhi ya Idi, wakati unapaswa kufifia. Tukipata chaguo, heri F shapu isiyo kamili kuliko G safi.

Besi apewe nota yake mapema kuliko wote. Besi za Vienna za wakati ule zilikuwa na nyuzi tano, zikipangwa F, A, D, F shapu, A, kwa hiyo juu kulikuwa na kodi tayari chini ya vidole. Besi ya leo ni E, A, D, G, na zamu hiyo inalazimisha mkono kupanda juu na kuruka. Mpe wiki nne, kwa kasi ya nusu kwanza. Akikosea, kosa halijifichi: yeye ndiye anayeubeba muziki kutoka A kwenda C shapu, akipotea njiani wenzake hawana pa kuingilia.

Mazoezi yafanyeni kuanzia mwisho. Siku ya kwanza wawili wa mwisho tu. Siku ya pili ongezeni viola. Kisha fidla za kundi, selo, besi, na kuendelea kurudi nyuma. Wengi hufanya kinyume, na matokeo yake ni kwamba wale wawili, wenye kazi ngumu kuliko wote, wanapigishwa mazoezi kila mtu akiwa amechoka na kufunga mkoba. Kuna sababu nyingine: besi na selo wakishatoka, mwenye kushika pigo hayupo, na kasi inaanza kulegea. Wawili wa mwisho lazima wawe wamezoea kulibeba pigo wenyewe, la sivyo Adajio inazama.

Mishumaa ya moto hatuishauri. Karatasi, mikono ya nguo na upinde wa manyoya viko sentimita chache tu kutoka kwenye moto, na feni ya ukumbi itauzima mshumaa wa mtu ambaye bado ana zamu. Tumieni taa ndogo za betri za kubana kwenye vishikio vya nota. Zijaribuni swichi zake: zikilia "ta!" zitasikika hadi nyuma, basi mpigaji aigeuze taa itazame chini na kuifunika na kitambaa cheusi. Taa za ukumbi zipunguzwe kabla ya sehemu ya kasi kuanza. Mkisubiri pale muziki unaposimama kabla ya Adajio, watazamaji watadhani ndio mwisho na kupiga makofi, na ule mpito kutoka swali hadi jibu utakuwa umekufa.

Wa kuondoka mapema wakae karibu na mlango. Kila mtu amalize noti, ashushe chombo, ahesabu vipimo viwili, azime taa, ainuke. Nota abaki nazo zilezile kwenye kishikio, asikunje. Viatu vya soli laini. Besi asibebe chombo chake. Akilaze ubavu sakafuni juu ya kipande cha zulia kilichowekwa mapema. Mlango uachwe wazi tangu mwanzo na kitasa kifungwe kwa kitambaa.

Na sasa vicheko. Wawili wa kwanza wakiondoka, watu watacheka, na hakuna ubaya. Hata katika kumbi kubwa hutokea. Kicheko kinachoendelea hadi mwisho kina sababu yake, na mara nyingi sababu iko jukwaani. Mpigaji anayetoka akitabasamu, akipunga mkono, akimgusa mwenzake begani, au akijifanya amechoka, ameugeuza muziki kuwa kichekesho. Aondoke kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku na anakwenda kwake. Asiiname, asitazame watazamaji. Kwa kawaida ukumbi huanza kunyamaza besi anapopiga zamu yake, na viola anapoinuka hamtasikia hata kikohozi. Msimamizi wa muziki naye awe amekaa pembeni kufikia hapo. Haydn aliongoza akiwa na fidla mkononi, na mtu anayepungia mikono fidla mbili anaharibu picha.

Kuhusu kumuagia mkuu wenu: inafaa, lakini mwambieni mtangazaji aeleze kisa kwa sentensi tatu kabla ya kuanza. Bila maelezo, mkuu anaweza kudhani wafanyakazi wanamkimbia.

Wale wawili wa mwisho wafunge vibana sauti vya mpira nyuma ya daraja la fidla tangu mwanzo wa jioni, vya kuteleza, si vya kuchomeka. Cha kuchomeka kikianguka sakafuni katika ukimya ule, kitasikika kuliko fidla. Fidla iliyobanwa inasikika kwa shida hata kwa anayeipiga, kwa hiyo wakae wakitazamana, magoti yakiwa nusu mita, na wasikilizane kwenye A shapu kuliko noti nyingine yoyote. Upinde uende taratibu, karibu na ubao wa vidole, kwa manyoya machache. Noti ya mwisho ikiisha, wauache upinde juu ya uzi, wahesabu sita kimoyomoyo, kisha azime taa wa pili, na kiongozi wa fidla wa mwisho.